Kima Hana Gumba, Jirani Ana Hesabu

Masika yalikuwa yamekaza wiki nzima, na mimi kwa ujuba wa mtu wa mjini nikenda Jozani na viatu vya ngozi. Hatukufika mbali ndani ya msitu kiatu cha kulia kikabaki chini. Hakikuchanika, kilimezwa. Maji yaliyolala juu ya majani makavu yalionekana kama kidimbwi cha kuruka tu, kumbe chini yake pana tope jeusi, laini kama uji wa ulezi, na chini ya tope pana mizizi iliyosukana. Kijana aliyekuwa akinitembeza, yeye na kandambili zake, akainama, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akakitoa kikichuruzika. "Kaka, huku masika hakujiwi na viatu vya harusi," akaniambia. Nikavivua vyote, nikatembea peku.

Nadhani Jozani inafahamika zaidi kwa nyayo kuliko kwa macho. Huu ni msitu uliokaa majini, na maji yenyewe hayatoki mtoni, maana kusini na mashariki ya Unguja mto haupo. Kuna jiwe. Maweni matupu, matumbawe ya kale yaliyogeuka nchi kavu, yenye udongo wa kiganja kimoja hapa na hakuna kabisa pale. Mvua ikinyesha haikai juu. Hupotea nyufani kabla mwanamke hajapata kutega ndoo. Lakini kati ya Ghuba ya Chwaka kaskazini na Ghuba ya Uzi kusini pana bonde la chini, na hapo maji yaliyopotea yanaonekana tena. Kiangazi yako chini kidogo tu ya ardhi, mizizi inayafikia bila taabu. Masika yanapanda, na msitu unasimama ndani yake kama mtu anayeosha miguu.

Ndiyo maana ukitoka kwenye kichaka cha uwanda, miti mifupi yenye miba na majani magumu, ukaingia Jozani, ni kama umebadilisha nchi. Mitondoo inapanda juu na kufunga anga. Chini yake kuna michikichi, mikindu, mikadi inayosimama kwa mizizi yake kama iliyopewa magongo, na madole ya jimbi yanayokugusa nyonga. Hewa ni nzito. Sauti ya barabara, iliyo hatua chache tu nyuma yako, inakatika.

Wageni huambiwa kwamba huu ni msitu wa asili, mabaki ya Unguja ya zamani, na wanaondoka wameridhika. Ni kweli nusu. Kabla ya kuhifadhiwa, Jozani ilikuwa mahali pa kupasulia mbao, na mitondoo mingine inayopigwa picha leo ilipandwa na watu wa misitu, kwa safu, kwa ajili ya mbao. Mtondoo ni mti wa waunda vyombo. Mtu aliyeupanda alikuwa na jahazi akilini, hakuwa na kima. Silisemi hili kuupunguzia msitu heshima. Nalisema kwa sababu tangu zamani pale pamekuwa na mkono wa mtu, na anayedhani hifadhi ni kuutoa mkono huo na kufunga mlango hajakijua kisiwa hiki.

Leo jina lake rasmi ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Ilitangazwa mwaka 2004, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi: msitu wa maji, kichaka cha maweni, mikoko na majani ya chumvi kwa pamoja. Ukitoka mjini ni kama kilomita 35 kwa barabara ya kusini. Inasimamiwa na Idara ya Misitu ya Zanzibar, haimo katika hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za bara. Mwaka 2016 UNESCO nayo ikaiingiza katika orodha yake ya hifadhi hai za dunia. Vibao vya haya yote vipo getini, vimepakwa rangi vizuri.

Mwenye vibao hivyo hasa ni mnyama mmoja. Mgongo mwekundu wa kutu, mabega meusi, tumbo jeupe, na kichwani nywele nyeupe zilizosimama pande zote, kama mzee aliyeamshwa usingizini na wageni. Ukimtazama mkononi utaona vidole vinne. Gumba halipo, kuna alama tu pale lilipopasa kuwa. Ni jamaa wa mbega. Wataalamu wanamwita *Piliocolobus kirkii*, kwa jina la John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza hapa karne ya 19, kwa kuwa wao huona kitu kimegunduliwa siku Mzungu alipokitia ndani ya sanduku. Porini hayupo mahali pengine duniani ila Zanzibar.

Wenyeji walimwita kima punju. Punju ni sumu, ni kitu kibaya. Walisema ananuka, na kwamba mti anaoula hukauka, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Nyama yake wengi hawakuitaka. Nimewaza mara nyingi kwamba kama angekuwa na jina zuri na nyama tamu, pengine leo tungemwona Makumbusho tu.

Alikaribia kufika huko. Kwa miaka mingi ilisemwa wamebaki kidogo sana. Kisha watu wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, wakazunguka kisiwa kizima kwa zaidi ya saa 4,000 wakihesabu kundi kwa kundi, na matokeo yaliyotoka mwaka 2017 yakaonyesha kima zaidi ya 5,800, wengi mno kupita makadirio ya nyuma. Ni habari njema, lakini isikufanye ukae kitako. Hesabu hiyohiyo ilionyesha watoto wanaofikia ukubwa ni wachache, misitu nje ya hifadhi inakatwa, na kima bado yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Sasa, ukimtaka kima kwa karibu, usiende katikati ya msitu. Vuka barabara, uingie mashambani, kwenye miembe na minazi na mikungu ya watu. Huko ndiko makundi yaliyozoea watu yanakokaa, huko ndiko picha zote unazoziona zinakopigwa. Yaani mnyama wa hifadhi ya taifa anakula na kulala, kwa sehemu kubwa ya siku, katika mali ya mtu.

Mmoja wa watu hao nilimkuta chini ya mnazi wake akifua dafu kwa kifuo. Mzee wa makamo ya juu, kofia ya kiua imetoka rangi ukingoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaniuliza natoka mjini mtaa gani, kwa nani, mpaka akaridhika. Nilipomtaja kima akacheka bila furaha.

"Mwanangu, hebu tazama juu. Unaona nini?"

Niliona upunga, vidaka, kitale kimoja kimoja.

"Upunga unauona. Kidaka unakiona. Mimi nataka uione nazi."

Nikamweleza nilichosoma. Watafiti wawili, Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, walikaa hapahapa wakahesabu minazi na kima, na mwaka 1999 wakachapisha jambo lililowashangaza wengi: palipokuwa na kima wanaokula vidaka kwa wingi, mavuno ya nazi hayakupungua, yalikuwa makubwa zaidi. Maelezo yao ni kwamba huenda kima hupogoa. Mnazi wenyewe hudondosha vidaka vingi visivyofika popote. Vikipungua mapema, vinavyobaki hushiba. Na kima hana haja na nazi iliyokomaa, kwa kuwa tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, limeumbwa kwa kuchachusha majani na matunda mabichi. Tunda bivu lenye sukari linaweza kumdhuru. Ndiyo maana mgeni anayemrushia ndizi kwa huruma anamtilia sumu.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono imesimama. Kisha akauliza, "Hao, walihesabu na kunde zangu?"

Sikuwa na jibu, na nadhani hapo ndipo mambo ya hifadhi yanapokwama kila siku. Utafiti ulijibu swali la mnazi. Mwenye shamba ana maswali ya kunde, ya majani ya mwembe, ya muhogo uliofukuliwa. Muhogo, kwa haki, haufukuliwi na punju. Anayefukua ni kima yule mwingine, wa kijivu, mjanja, mwenye gumba. Lakini mtu anayekuta tuta limetawanyika alfajiri hakai kupambanua koo za kima. Komba naye husingiziwa kila tembo la mgema likipungua, ingawa komba, kusema kweli, mara nyingine husingiziwa kwa haki.

Utaratibu uliokuja kuleta nafuu ulikuwa wa fedha. Wenye mashamba yanayotembelewa walijiunga, wakapangiwa sehemu ya kiingilio cha watalii kwa kuwaacha kima wale. Vijiji jirani navyo vikapata fungu lao, na visima, madarasa na vituo vya afya vikajengwa kwa fedha hizo. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Na. 10 ya mwaka 1996, iliruhusu jambo ambalo lilikuwa geni: kijiji kuingia mkataba na serikali na kusimamia msitu wake chenyewe, kikipanga wapi pakatwe kuni na wapi pasiguswe. Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni, Michamvi, kote huko kamati ziliundwa. Nyingine zinafanya kazi. Nyingine zimebaki mhuri na daftari.

Nilimuuliza mzee kama fungu linatosha. Akasema fungu ni fungu. Halafu akanipa dafu, na akakataa katakata kupokea pesa.

Kuna mlo mmoja wa kima ambao sikuuamini mpaka nilipoona. Majani ya mwembe na ya mkungu, anayoyapenda sana kwa kuwa yana protini, yana pia sumu ya aina yake inayomsumbua tumbo. Dawa yake kima wa mashambani ni makaa. Siku hiyo jike mmoja alishuka mpaka kwenye kisiki kilichoungua, akatazama kushoto na kulia kama mtoto anayeiba sukari, akabandua kipande, akarudi juu ya tawi na kukitafuna. Nilisikia kabisa kile kishindo kikavu cha mkaa kati ya meno. Mtoto aliyemng'ang'ania tumboni akanyoosha mkono, akapata kigae chake, akakiramba. Struhsaker na wenzake waliyapima makaa hayo, wakakuta kweli yananasa sumu ile. Inasemekana watoto hujifunza kwa mama zao, na kima wa misitu ya mbali hawana desturi hiyo.

Kwa hiyo kima anaiba makaa kwenye tanuri la mchoma makaa, na mchoma makaa anaukata msitu wa kima. Zanzibar ilipohesabiwa mwaka 2022 ilikuwa na watu karibu milioni 1.9, na jioni wengi wao bado wanapika kwa kuni na makaa. Hoteli za Paje, Bwejuu na Michamvi nazo zinaongezeka kila mwaka, zikitaka makuti, boriti, na maji matamu, hayohayo yanayopita chini ya maweni. Unaweza kuzungushia msitu uzio. Maji ya chini ya jiwe hayazungushiwi.

Upande wa pili wa kijiji cha Pete kuna daraja la mbao linaloingia mikokoni. Watalii hupitishwa huko mwisho, wakiwa wamechoka, na wengi hulivuka kwa mwendo wa kuwahi gari. Hasara yao. Ukisimama kimya maji yakiwa yametoka utasikia tope likitoa sauti, vitone na mibofyo, ni kaa na ni pumzi ya ardhi. Mkoko wenyewe umesimama kwa miguu mingi kama buibui. Mchu umetoa vidole vyake juu ya tope kupumua. Mkandaa na msinzi wako nyuma kidogo. Mikoko ya Ghuba ya Chwaka ndiyo mikubwa kuliko yote Unguja. Hapo ndipo samaki wanaovuliwa nje ghubani walipokuwa wadogo wenye ukubwa wa kope.

Boriti za mikoko ndizo zilizoezeka Mji Mkongwe. Vyumba vya nyumba za kale ni vyembamba kwa sababu hiyo tu: upana wa chumba haukuweza kuuzidi urefu wa boriti. Nyingi zilitoka Rufiji na Lamu, na majahazi yalizipeleka mpaka Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na miti ya kuezekea. Siku hizi kukata bila kibali ni kosa. Watu hukata, usiku, na kila mtu kijijini anajua nani.

Kima wamejua kuishi mikokoni pia. Kule kisiwani Uzi, mtafiti Katarzyna Nowak aliwakuta wakinywa maji mara kwa mara, jambo adimu kwa jamaa wa mbega, ambao kwa kawaida maji yao huyapata ndani ya majani. Wamesukumwa huko na ukataji wa vichaka, wakazoea. Lakini kwenye chumvi, kiu haikwepeki.

Chui nitamtaja kwa ufupi, ingawa yeye ndiye anayeulizwa kuliko wote. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, na watu waliamini wapo wa mwitu na wapo wa kufugwa na wachawi, wanaotumwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kukawa na msako mkubwa wa uchawi, mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi akiwa mbele, na chui wakauawa pamoja na sifa yao. Utotoni nilimwona mmoja Makumbusho ya Mnazi Mmoja, amejazwa majani, manyoya yamepauka, jicho moja limekaa upande. Mwaka 2018 watu wa televisheni ya Marekani walitangaza kwamba kamera yao imemnasa mmoja aliye hai. Wataalamu hawakukubaliana. Kijana wangu wa kandambili nilipomuuliza alijibu kwa makini: "Mimi sijamwona. Ila usiku wa giza sikati njia ile," akaonyesha kwa kidevu, si kwa kidole.

Mnyama ninayemhofia zaidi ni paa nunga, mdogo, mwekundu, mwenye mkanda mweupe matakoni. Hayumo katika mabango, hana nywele za kuchekesha, nyama yake ni tamu, na mtego wa kamba haupigi kelele.

Nilipotoka nilipita kwa bi mkubwa mmoja anayesuka mikeka karibu na njia. Chane za ukindu zimetandazwa juani, nyingine zimeshatiwa rangi, za zambarau na za kijani. Mikono yake ilikuwa ikisuka ukili bila yeye kuitazama. Akaniambia zamani ukindu aliufuata mwenyewe bondeni, akikata kuti changa lililo bado kufunguka, moja kwa kila mkindu, na moyo wa mti huuachi ukavuja. Sasa ananunua. "Wasichana siku hizi wanakata yote, wanawahi wasikutwe na walinzi," akasema. "Ukikata kwa hofu huwezi kukata vizuri." Nikamuuliza basi waruhusiwe? Akavuta chane mpya kwenye furushi, akaitia mate kidogo kwenye ncha. "Waruhusiwe na wafunzwe. Nani alinifunza mimi? Si mama yangu, hukohuko ndani."

Daladala ya Makunduchi kurudi mjini ilinikuta na viatu mkononi, vimekauka tope, vigumu kama mbao. Nilibanana kati ya pakacha la maembe na mama mwenye ndoo ya samaki aliyeifunika kwa khanga. Barabara hii ilipotiwa lami mwaka 1996 magari yalianza kuua kima mmoja kila wiki mbili tatu. Yakawekwa matuta, vifo vikapungua, ikawa mmoja kwa kama wiki sita. Madereva waliyatukana matuta hayo kwa mdomo, wakapunguza mwendo kwa miguu.

Kwenye tuta la pili gari likasimama kabisa. Kundi lilikuwa linavuka. Dume kubwa likatangulia, halikuharakisha, majike wakafuata, wawili wana watoto waliowang'ang'ania tumboni. Ndani ya gari watu wakaanza kunung'unika. Mama wa samaki akagonga bati kwa pete yake: "Dereva, samaki wangu hao wataoza hapa kwa ajili ya kima!" Dereva akatia gia.

"Ngoja," konda akasema, amejitoa mlangoni nusu mwili. "Bado mmoja."

Tukangoja. Kadogo hivi, mkia mrefu kuliko kenyewe, kalikuwa kamesimama ukingoni mwa lami, kanatazama tairi.